Kigogota na Jiwe la Kusimama

Shemeji yangu anaitwa Kigogota, kama yule ndege anayegonga miti, na jina hilo hakupewa bure. Hapiti penye kitu kigumu bila kukigonga. Akija kwako atagonga mlango, sawa, kila mtu hugonga mlango. Lakini yeye akishafunguliwa hugonga na fremu, hugonga na ukuta, hugonga na meza uliyomwekea chai, sikio kalitega kama anayesubiri kuitwa.

Siku marehemu mume wangu alipokuja kwetu kuniposa, wazee wake wamekaa barazani wanazungumza mambo ya maana, huyu mdogo wake yuko pembeni anagonga nguzo. Baba akamwuliza, "Kijana, una nini na nguzo yangu?"

"Imeliwa na mchwa, mzee. Ndani tupu."

Mama alikasirika. Akasema watu gani hawa, wanakuja kuposa huku wanatukana nyumba. Posa ikalala. Mwezi wa pili baraza likaanguka lote, bahati hapakuwa na mtu. Baba akasimama juu ya vifusi akasema, "Wale watu waitwe." Wenzangu waliolewa kwa uzuri wao. Mimi niliolewa kwa nguzo.

Kazi ya shemeji ni mawe. Si mchongaji, msije mkadhani. Ni mchimba mawe. Machimbo yako juu ya mji, mwendo wa saa nzima kwa miguu, na baba yake alifanya kazi pale pale, na babu yake. Vidole viwili vya mkono wa kushoto alivizika huko mwaka aliopata mtoto wa pili. Ngazi za shule ni mawe yake. Kizingiti cha posta ni jiwe lake. Ukingo wa barabara kuu, kutoka sokoni hadi kwenye daraja, ni yeye. Mtu anayeishi mji huu anamkanyaga mara mia kwa siku, na hamjui.

Mkewe, wifi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema, "Nimeolewa na mtu anayesikiliza mawe. Mimi hanisikii hata nikimwita kula." Alipofariki, shemeji alilichagua jiwe la kaburi mwenyewe, akalileta mwenyewe kwa mkokoteni, na aliyetaka kumsaidia kusukuma alirudishwa. Tangu hapo anakula kwangu. Chumba chake kiko nyuma ya changu, mlango kwa mlango. Tunagombana kila asubuhi. Ikipita asubuhi hatujagombana, namwuliza kama anaumwa.

Sasa nieleze jambo la mawe, maana bila hilo hamtaelewa yaliyotokea.

Jiwe la kwetu ni la mchanga. Limelala ardhini tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyopangwa chumbani. Mikeka ikilala, weka juu yake mzigo wowote, haitikisiki. Isimamishe wima, inyeshewe, itaachana mmoja mmoja. Na jiwe ni hivyo hivyo. Likiwekwa lilivyolala ardhini, litakuzika wewe na wajukuu zako. Likiwekwa kinyume, mvua inaingia katikati ya tabaka, na baada ya miaka michache uso wake unabanduka kama ganda la kidonda.

Ndiyo maana mchimbaji akilikata jiwe, kabla halijasogea hata shubiri, analichora mshale kwa mkaa. Mshale unasema: huku ndiko juu. Utauliza kwa nini mkaa, kwa nini si rangi? Kwa sababu rangi haitoki, na mwenye nyumba hataki mshale mlangoni kwake. Mkaa, jiwe likishakaa mahali pake, mvua ya kwanza inaosha, kazi imekwisha. Babu zao walifanya hivyo. Waashi wote wa mji wanajua, hawagusi jiwe kabla ya kuangalia mshale.

Mimi nilikuwa na miaka arobaini na kitu katika ukoo wa watu wa mawe, na mkaa ule nilikuwa naufua kwenye mashati yao kila wiki, nikilalamika. Sikuwahi kuuliza unatoka wapi. Mkaa kwangu ni uchafu.

Basi mwaka ule ofisi ya mji ikatangaza kwamba wachongaji tisa watakuja, kila mmoja na nchi yake, wakae kwetu wiki tatu, na kila mmoja atuachie kitu cha kuweka mjini. Watachonga mawe ya hapa hapa. Ofisa wa mji, kijana nadhifu wa viatu vya kuchongoka, akapanda machimboni na karatasi ya vipimo. Mawe saba yalikuwa ya kawaida, ya kuchongwa yalivyolala. Mawili yalikuwa marefu, marefu kuliko mtu, na vipimo vyao ni sawa sawa. Moja litachongwa limelala. Moja litachongwa limesimama.

La kulala lilikuwa rahisi. Lile la kusimama ndilo lililomtoa jasho shemeji. Jiwe la kusimama lazima likatwe likiwa limesimama, yaani tabaka zake zipangane kutoka miguuni kwenda kichwani, kama sahani kabatini. Ilibidi ashuke hadi kwenye mwamba wa chini ambako baba yake hakuwahi kufika. Siku kumi na moja. Alikuwa anarudi mweupe kama mtu aliyelala kwenye unga. Nikamwambia, "Shemeji, huyo mchongaji ni ndugu yako?"

"Simjui."

"Sasa unajiua kwa ajili ya nani?"

"Wewe ukimpikia mgeni usiyemjua unamwekea mchanga kwenye chakula?"

Nikaenda kumtilia maji ya kuoga.

Siku ya kumi na mbili mgongo ukamkataa. Alilala chali kwenye mkeka, hawezi kugeuka, na mawe yakashuka mjini bila yeye. Wapakiaji waliambiwa: mishale mtaiona, fuateni mishale.

Mawe yakashushwa kwenye uwanja wa karakana ya zamani ya treni, ambako ndiko wachongaji wangefanyia kazi, yote yamelazwa; la kusimama lingesimamishwa kwa winchi mchongaji wake akifika. Na mfanya usafi wa uwanja ule nilikuwa mimi. Ofisa akaja, akaangalia tope la malori, akaniambia, "Mama, wageni wanafika kesho kutwa. Pawe safi."

Hakusema mawe yaoshwe. Nasema ukweli, hakusema. Lakini mimi nikifanya kazi sifanyi nusu. Niliona mawe tisa yamechafuka tope na mkaa, nikaona aibu, wageni wametoka mbali waje wakute uchafu wa kwetu. Nikachukua ndoo, sabuni ya unga, na brashi ya kusugulia sakafu. Siku mbili nilisugua. Mkaa ulikuwa mgumu kutoka, niliusugua kwa hasira kabisa. Nilipomaliza yaling'aa kama meno ya mtoto. Nilirudi nyumbani nikamwambia shemeji, "Uwanja wangu leo hata bwana harusi anaweza kula chini." Akasema vizuri, huku ameelekea ukutani.

Wageni wakaja. Sitawaeleza wote tisa. Nitawaeleza wawili, hao ndio walioangukiwa na yale mawe marefu.

Mmoja alikuwa mwanamke mnene wa makamo kutoka nchi za baridi. Hakuvua miwani yake mikubwa ya vumbi tangu asubuhi hadi jioni, na watu wakamwita Mama Miwani. Alikuwa anaanza kazi kabla yangu, na mimi huja na jogoo. Yeye alitaka kuchonga mwanamke aliyesimama kwenye foleni. Si malkia, si malaika, mwanamke wa foleni tu, uzito ameutupa kwenye mguu mmoja, kadi mkononi, atakaa mbele ya hospitali. Nilimpenda hapo hapo. Mimi maisha yangu nusu nimeyamalizia kwenye foleni, na sijawahi kuona mtu amezichongea sanamu.

Wa pili alikuwa bwana mwembamba wa kofia pana, tukamwita Bwana Kofia. Yeye atachonga benchi. Alikuwa anakuja saa tano, anavuta kiti, anaangalia jiwe. Siku ya tisa alikuwa amechora mistari kwa chaki tu. Nikamwuliza Mwalimu, huyu mstaafu aliyekuwa akiwatafsiria, "Huyu bwana yuko kazini au yuko msibani?"

"Anasema bado anazungumza na jiwe."

"Mwambie jiwe limeshachoka kumsikiliza."

Siku ya kumi, shemeji akaweza kutembea. Alikuja uwanjani na fimbo, amevaa shati lake la kwenda mjini. Nilikuwa nafagia. Nilimwona akisimama langoni, akitazama vumbi na makelele ya mashine, na uso wake ukafunguka. Alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe refu lililosimama. Mama Miwani alikuwa juu ya jukwaa la mbao, kichwa cha yule mwanamke kimeshatoka, na bega moja. Shemeji akacheka kwa furaha, akaweka kiganja chake cha vidole vitatu ubavuni mwa jiwe.

Kicheko kikakatika.

Akapapasa juu, akapapasa chini. Akaniita, "Shemeji, nipe kikombe cha maji." Nikampa. Akayamwaga taratibu ubavuni mwa jiwe, akasogea nyuma, akaangalia linavyoyanywa. Hata mimi niliona. Maji yaliingia kwa mistari, na mistari ilisimama wima, kutoka juu hadi chini, kama mvua imechorwa.

"Hili si lenyewe," akasema. "Hili ni la kulala."

Mama Miwani akazima mashine, akauliza nini. Mwalimu akatafsiri, na Mwalimu ni mtu wa adabu sana, akisema neno lazima alipake mafuta kwanza. Alizungumza muda mrefu. Mama Miwani akatabasamu, akasema asante.

"Umemwambia nini?" shemeji akauliza.

"Nimemwambia unalisifu jiwe, ila una wasiwasi kidogo."

"Mwalimu! Mwambie mwanamke wake atabanduka uso!"

Hapo Ofisa akafika mbio na viatu vyake. Akasikiliza, akakunja uso. "Mzee, mawe haya umeyatoa wewe. Alama ziko wapi?"

Shemeji akageuka. Akaangalia jiwe la kwanza, la pili, la tatu, hadi la tisa. Yote meupe, safi kama sahani. Kisha akaniangalia mimi. Mkononi nilikuwa na brashi.

Nilielewa pale pale: mawe mawili ya vipimo sawa, bila mishale, winchi ilikuwa imesimamisha lolote. Hakuna aliyenieleza. Nikaificha brashi nyuma ya mgongo.

"Sikuweka," shemeji akasema. "Nilisahau."

"Ulisahau?"

"Mgongo ulikuwa unaniuma. Nilisahau."

Ofisa akapumua kwa pua. "Kama ulisahau kuweka alama, utajuaje sasa lipi ni lipi? Mzee, nenda kapumzike. Hapa kuna wageni, tusitiane aibu." Akamwambia Mama Miwani aendelee. Mashine ikawaka tena. Na shemeji, mtu ambaye miaka arobaini na sita hakuna jiwe lake lililowahi kumgeuka, akatoka langoni na fimbo yake, na wapakiaji wakimcheka nyuma ya mikono.

Nami nilifagia. Ndivyo nilivyofanya, nilifagia. Nilijiambia nitasema kesho.

Nyumbani sikupata usingizi wa maana. Asubuhi nilimwekea chai. Akanywa bila kugonga meza. Nikatupa neno la uchokozi, nikasema chai yake anainywa kama dawa. Akaendelea kunywa.

Nikashindwa. "Kwa nini ulisema uongo?"

"Wangekufukuza."

"Na wewe je?"

"Mimi hawawezi kunifukuza mahali ambapo hawakuniajiri."

"Sikukuomba unibebee."

"Najua. Hujawahi kuomba kitu tangu uolewe." Akaweka kikombe chini. "Kosa ni langu pia. Jiwe la kusimama halishushwi bila mwenyewe. Ningekuja hata kwa kutambaa."

"Na yule mwanamke wa foleni?"

"Atakaa miaka sita. Saba. Pua itaanza kutoka, halafu midomo." Alisema kama mtu anayetaja mgonjwa wa ndani ya nyumba. "Na watu watasema mawe ya huku ni mabovu."

Basi nikajifunga kanga, nikaenda. Niseme ukweli wangu wote: njiani nilirudi nyuma mara mbili. Mtu mzima kusimama mbele za watu akasema nimeharibu si kazi ndogo, hasa kwa mtu kama mimi ambaye huwaambia wenzake kila siku kwamba wanaharibu. Lakini kila pigo la nyundo la yule mama lilikuwa linaongeza hasara. Likishatoka bega la pili na kiuno, nani atakubali kuanza upya?

Nilimkuta juu ya jukwaa. Nikamvuta mguu wa suruali. "Shuka."

Mwalimu akaja mbio. "Mama, taratibu..."

"Mwalimu, leo utasema kama ninavyosema. Usipambe. Ukipamba nitajua, nitakuangalia mdomo."

Nikasema. Kwamba alama zilikuwepo, mishale ya mkaa, kwenye mawe yote tisa. Kwamba niliziona kwa macho yangu nikadhani ni uchafu. Kwamba niliziosha kwa mikono hii, kwa sabuni na brashi, na hakuna aliyenituma. Kwamba mzee yule hajasahau kitu tangu nimjue, hata mambo ambayo ningependa ayasahau. Alisema uongo ili mimi nisifukuzwe, na akili yake ni nzima kuliko ya wote mliosimama hapa.

Ofisa alikuwa ameshafika. "Mama, una ushahidi gani?"

"Nimeosha pande nilizozifikia. Jiwe sikulinyanyua. Mimi si winchi."

Watu wakacheka, lakini Mama Miwani hakucheka. Aliwaita wapakiaji wawili na mitaimbo yao. Wakaingiza chini ya lile jiwe la Bwana Kofia, wakaikandamiza, jiwe likainuka kiasi cha mkono kupita. Mama Miwani akalala kifudifudi kwenye vumbi, akachungulia. Alipoinuka alikuwa na mkaa kwenye ncha ya kidole. Chini ya jiwe kulikuwa na mkia wa mshale, umebaki kama urefu wa kijiko, na ulikuwa unakwenda kwa urefu wa jiwe. Kutoka miguuni kwenda kichwani. Ndilo la kusimama, na lilikuwa limelazwa pale siku kumi likiangaliwa na mtu wa kofia.

Mama Miwani akakaa chini. Akavua miwani. Ndiyo mara ya kwanza kuyaona macho yake, mekundu, na duara mbili safi kuyazunguka katikati ya vumbi. Nilidhani atanipiga, na ningemwacha. Aliangalia kichwa alichokichonga siku kumi. Halafu akamwuliza Mwalimu jambo moja, na Mwalimu akatafsiri bila mafuta: "Anauliza yule mzee anaishi wapi."

Ofisa yeye alinigeukia. "Mama, kesho usije."

"Kesho? Hata leo naondoka. Lakini ngoja nimalize kufagia, siachi uwanja katika hali hii."

Na nikafagia hadi mwisho, polepole, wao wakiniangalia.

Bwana Kofia alikubali kubadilishana bila neno. Nadhani alifurahi, maana alikuwa amepata sababu ya kutokuwa ameanza. Winchi ililaza la kulala na kusimamisha la kusimama. Zilibaki siku kumi, na kazi ile ilikuwa ya siku ishirini.

Mama Miwani alifika kwetu na Mwalimu. Shemeji alikuwa anatengeneza mpini wa nyundo. Hakuinuka.

"Mimi si mchongaji," akasema. "Na nimefukuzwa pale."

Mwalimu akatafsiri, akasikiliza, akajibu: "Anasema hataki uchonge. Kuchonga atachonga yeye. Anataka uondoe kisichotakiwa."

Shemeji akafikiri hapo. Kuondoa kisichotakiwa ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote.

Siku zilizofuata sikuwa na kazi, kwa hiyo nilikuwa namletea chakula na kukaa langoni kama mtu aliyenyimwa ruhusa, ndivyo nilivyokuwa. Mama Miwani alichora mwanamke wake kwenye jiwe kwa mkaa, mbele, nyuma na ubavuni. Shemeji akaanza. Mashine hakuitaka. Alitoboa mstari wa matundu kwa tindo, akapachika kabari za mti mkavu, akamwagia maji, akasubiri. Mti ukinywa maji unavimba, na jiwe linapasuka lenyewe, taratibu, linapotaka na unapotaka wewe, kama mmeelewana. Vipande vilianguka vikubwa kama magodoro. Siku tatu mwanamke akaanza kuonekana ndani, bado hana sura, lakini mguu mmoja umeshapumzika.

Likabaki pande moja, la nyuma, kutoka kiunoni hadi gotini. Hilo ndilo lililokuwa baya. Hapo jiwe lilikuwa linakuwa jembamba, na mpasuko ukikosea upana wa vidole viwili, mguu unakwenda nao. Mama Miwani akasema aache, atalikwangua kidogo kidogo. Shemeji akahesabu siku zilizobaki, akatikisa kichwa.

Akaweka kabari asubuhi. Akamwagia maji. Adhuhuri akamwagia tena. Halafu akamwambia Mwalimu, "Waombe wanyamaze."

Na mashine zikazimwa, moja moja. Watu tisa wa nchi tisa, na wapakiaji, na Ofisa pia, wakasimama bila kusema, wakimwangalia mzee mmoja aliyeegemeza sikio kwenye kiuno cha jiwe. Alikaa hivyo muda mrefu. Aliigonga kabari ya tatu, mara moja. Akasubiri. Akaigonga ya tano, polepole, kama anayeamsha mtoto.

Sauti ilikuwa ndogo. Kama mtu amevunja biskuti chumba cha pili. Kisha pande zima likaachia, likateleza, likalala kwenye mchanga, na mguu ulikuwa pale, mzima, mnyoofu, umesimama.

Walipiga makofi. Mama Miwani akamkumbatia, na shemeji akabaki na mikono hewani, hajui aiweke wapi. Akatoka langoni, akapokea chakula changu, akakaa kwenye kokoto.

"Nani alikutuma useme?" akaniuliza. Kumbe hasira alikuwa ameziweka, anasubiri kazi iishe.

"Hakuna aliyenituma."

"Nilikwisha sema mimi. Neno langu likawa la uongo mbele za watu."

"Lilikuwa la uongo."

"Lilikuwa langu!"

Hatukusemeshana siku nne. Mlango kwa mlango. Chakula nikimwekea nje, anachukua, anarudisha sahani imeoshwa. Siku ya tano aliniambia chumvi imezidi, nikajua yamekwisha.

Sanamu zilisambazwa mjini siku ya kufunga. Benchi la Bwana Kofia liko karibu na soko. Kichwa cha kwanza cha yule mwanamke hakukitoa, alikiacha pembeni kama mahali pa kuegemea mkono, na bega lake moja. Watu wanamwekea vikapu na kumwomba aviangalie. Shemeji anasema benchi lile litatuzika sote.

Mwanamke wa foleni yuko mbele ya hospitali. Hakuna maandishi ya maana chini yake, jina la Mama Miwani na nchi yake tu, na mwaka. Sijali maandishi. Ukimwangalia kutoka nyuma, pale kiunoni, unaona jiwe lilivyopasuka kwa kabari, Mama Miwani hakupalainisha. Nilimwuliza Mwalimu kwa nini. Akasema alimwuliza, akaambiwa pale si pake, hawezi kupagusa.

Sasa ni masika ya tatu. Kila mvua kubwa ikinyesha, shemeji anashuka mjini asubuhi yake kwenda kumpapasa. Haniambii anakwenda wapi, na mimi simwambii kwamba najua. Mwezi uliopita nilikuwa na miadi yangu ya miguu, nikamkuta pale, kiganja mgongoni mwa jiwe, macho amefumba. Foleni ilikuwa imeanzia kwa yule mwanamke wa jiwe na kwenda hadi barabarani. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamwambia, "Mzee, mbele yangu yupo huyu dada wa jiwe tu. Wewe nenda nyuma."

"Sikuja kwa..."

"Wote tumekuja kwa shida. Nyuma, mzee."

Mtu aliyebishana na miamba karibu miaka hamsini akatii. Alikwenda mwisho wa foleni, nyuma yangu, akapanga. Sikugeuka, niliogopa kucheka. Saa mbili tulisogea. Mimi nikahudumiwa, nikasimama pembeni nione. Yeye akafika dirishani, akavua kofia.

"Unaumwa nini, baba?" karani akamwuliza.

"Siumwi. Nilikuja kumwona mtu."

"Wodi gani?"

"Yuko nje," shemeji akasema. "Hajambo."